Mbwa Wako na Usiku wa Fataki

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni hofu ya mbwa na paka wetu wakati wa fataki.

Hapa Itigi twakaa kando ya reli ya kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi likipita usiku hupiga honi na ardhi hutetemeka, walakini mbwa aliyezaliwa karibu na stesheni hainui hata kichwa. Lakini fataki moja ikilia mkesha wa mwaka mpya, mbwa yule yule hutetemeka, huhema, hujificha uvunguni au hukimbilia porini. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni mazoea. Sauti ya garimoshi huanza mbali, hukua kidogo kidogo, kisha hufifia. Mbwa ameisikia tangu utoto wake, wala haijamdhuru. Fataki ni kinyume chake. Ndani yake mna baruti, yaani shura, kiberiti na makaa, iliyofungwa katika karatasi ngumu. Ikishika moto hugeuka mara moja kuwa hewa kali, hewa hiyo hutafuta nafasi, karatasi hupasuka, na huo ndio mshindo. Haitoi onyo, tena hailii kila siku.

Sababu ya pili ni masikio. Sikio la mtu husikia mitetemo hata 20,000 kwa sekunde moja. La mbwa hufika 45,000 hivi, na la paka 64,000 hivi. Basi wao husikia mengi tusiyoyasikia sisi.

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Nilikuwa na mbwa jina lake Simba, mlinzi hodari. Mwaka mmoja alikimbilia nyumbani kwa kuogopa fataki, nami nikamchapa fimbo nikimwita mwoga. Mwaka uliofuata nikamfunga kamba nje. Mshindo wa kwanza ulipolia alikata kamba, wala hakukimbilia mlangoni, maana huko alikumbuka fimbo. Aliingia katika kichaka cha Itigi, kizito ambacho hata mtu hukipita kwa shida. Hakurudi. Ndipo nilipofahamu kwamba hofu haiondoki kwa kipigo. Kipigo huongeza hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Basi yafaa tufanye hivi. Mchana wa mkesha, mtembezeni mbwa hata achoke, mkamlishe kabla ya jua kutua. Giza lisijaingia, mtieni ndani pamoja na maji na gunia lake la kulalia. Fungeni madirisha, na redio iseme kwa sauti ya kadiri. Msimfunge kamba shingoni, kwani akiruka aweza kujinyonga. Akitaka kujificha, mwacheni. Akija miguuni pako, mpapase kwa upole. Wako wanaodhani kumtuliza ni kumfundisha woga, lakini sivyo. Paka naye apewe kisanduku au pembe yenye giza, na mbuzi waingie zizini mapema.

Kwa mtoto wa mbwa, anzeni mazoezi majuma mengi kabla. Mmoja agonge kifuniko cha sufuria mbali na kwa upole, mwingine ampe mbwa chakula kitamu saa ile ile. Siku kwa siku sogeeni karibu. Akionyesha hofu, rudini nyuma. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, hili si la mbwa peke yake. Mbwa aliyepotea aweza kuumwa na mnyama mwenye kichaa cha mbwa, akauleta ugonjwa huo nyumbani. Kwa hiyo apate chanjo kila mwaka. Naye mbwa mwenye hofu huuma hata mkono anaoujua. Watoto wasimvute kutoka maficho yake. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa hulinda usingizi wetu mwaka mzima. Usiku mmoja katika mwaka, yapasa sisi tulinde wake. Kwa herini.