Kufundisha Uchakavu kwa Gia ya Boti

Mwalimu atakayefundisha msuguano hapa Kibirizi hana haja ya kutafuta vifaa mbali. Mwaloni kuna boti za mashine. Gia ya mashine ya kufunga nyuma ya boti hufanya kazi chini ya maji, ndani ya kasha lenye oili, na mlinzi wa oili hiyo ni sili ndogo ya mpira. Uzi wa nyavu ukijisokota kwenye shafti ya propela huikata sili. Maji hupenya, na oili hugeuka nyeupe kama maziwa. Ndipo beringi hushika kutu na meno ya gia humomonyoka.

Jambo tupendalo wanafunzi walione hasa ni mfuo. Sili kuukuu huichimba shafti. Fundi akibadili sili tu na kuuacha mfuo ule, maji yataingia tena, ijapokuwa sili ni mpya. Basi mwombeni fundi shafti iliyotupwa, ifutwe vizuri, na kila mtoto apitishe ukucha juu yake kabla mwalimu hajatamka neno "msuguano". Ukucha ukikwama, aulizwe: mpira laini umekulaje chuma? Jibu ni mchanga ulionasa katika mpira, lakini mwalimu asiharakishe kulitoa.