Unatuma NIDA, TIN na ankara kwa barua pepe? Funga faili kwanza

Ajenti wa kutoa mizigo anakupigia jioni: "Boss, nitumie NIDA, TIN na ankara ya China, fasta." Unakimbilia steshenari, wanaskani, unafungua barua pepe yako kwenye kompyuta yao, unatuma, unalipa, unaondoka.

Sasa hesabu nakala ulizoacha. Moja kwenye kompyuta ya steshenari, moja kwenye barua zako zilizotumwa, moja kwa ajenti. Simu ya ajenti ikichomolewa pale kituo cha mwendokasi Gerezani, na mwizi naye anayo.

Kwangu mimi ankara ndiyo inauma zaidi. Ina bei uliyonunulia na jina la kiwanda. Jirani yako wa Kariakoo akiiona, umemfundisha biashara bure.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kwenye kompyuta yenye Word, weka picha za nyaraka zako ndani ya ukurasa. Bonyeza File, kisha Info, Protect Document, Encrypt with Password. Weka neno la siri, save. Hapo hata barua ikiangukia mikono mingine, faili halifunguki bila hilo neno. Ila kichwa cha barua na jina la faili vinaonekana, kwa hiyo usiliite "Bei za China".

Neno la siri usiliandike kwenye barua hiyohiyo! Watu wengi wanakosea hapa. Mpigie ajenti, mtajie kwa mdomo. Na lisiwe namba ya simu iliyoandikwa kwenye bango la duka lako, jamani.

Kabla ya kutuma, soma anwani herufi kwa herufi, maana simu inapenda kujijazia majina. Kwenye nakala ya kitambulisho andika kwa kalamu "Kwa kutoa mzigo tu" na tarehe, usizibe namba.

Orodha ya wateja wako, yenye majina, simu na mahali wanapoishi, nayo ifunge hivyohivyo. Hiyo si siri yako peke yako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023.

Na kama juzi ulifungua barua pepe steshenari na hukumbuki kutoka, shika simu sasa hivi. Ingia akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa. Ile kompyuta ukiikuta bado ipo, iondoe, kisha badilisha neno la siri.