Kukanyaga baiskeli stima ikipotea: hesabu ya Eldoret

Ijumaa ya Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima muda mfupi kabla ya saa nne usiku. Ikapotea tena Novemba, na tena Desemba, kabla mwaka haujaisha. Aliyekuwa na jenereta ya petroli aliivuta kamba. Aliyekuwa na sola alichungulia betri kuona kama imebakisha kitu. Wengine tulilala mapema. Lakini iko njia nyingine ambayo Eldoret, jiji linalojigamba kwa miguu ya watu wake, lingestahili kuiongoza: kukanyaga baiskeli mpaka taa iwake.

Hesabu yake haipendezi sana. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, anaweza kutoa wati 75 hadi 100 na kudumu nazo kwa saa nzima. Waendesha baiskeli wa kulipwa hukaribia 400. Mwaka 2015, Robert Förstemann, Mjerumani wa mbio fupi za baiskeli mwenye mapaja ya kutisha, alijaribu kuchoma slesi moja ya mkate kwa tosta ya wati 700. Mkate uliiva, naye akaishia kujibwaga chini, hoi. Mabingwa wetu wanaofanya mazoezi Iten na Kaptagat nao wasikudanganye. Mwili wao mwembamba ni mtaji wa kupanda milima kwa kasi, ila haubebi misuli ya kuzalisha wati nyingi. Bingwa wa marathoni hawezi kukupigia pasi.

Birika la stima hula takriban wati 2,000 na pasi 1,000. Hivyo vyote visahau. Uniti moja ya tokeni, ile inayoisha kabla hujamaliza kuoga maji moto, ingekudai karibu saa 20 za kukanyaga, ukihesabu na nguvu inayopotea kwenye mkanda, waya na betri. Na miguu haifanyi kazi bure: mwili hugeuza kama robo tu ya nguvu ya chakula kuwa mwendo, nyingine inakwisha kama joto na jasho. Ukikokotoa, uniti hiyo moja inakula karibu kilo moja na nusu ya unga wa mahindi. Hata hapa Uasin Gishu, ghala la mahindi la nchi, unga huo ni ghali kuliko uniti yenyewe.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu ya simu. Siku hizi simu ndiyo pochi, ndiyo tochi, ndiyo njia ya kumwita daktari usiku, na tokeni zenyewe hununuliwa kwa simu. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, waliunda chaja ya kuunganishwa na dinamo ya baiskeli, wakaiuza kwa shilingi 350. Ilijaza simu kwa takriban saa moja. Simu za wakati ule zilikuwa na betri ndogo. Dinamo ya kawaida ya baiskeli hutoa wati 3 tu, na simu kubwa ya leo ingekukalisha juu ya tandiko siku nzima.

Ndiyo maana mtambo wa nyumbani unahitaji kitu kikubwa kuliko dinamo. Mafundi wengi hukimbilia oltaneta ya gari kwa sababu inapatikana kwa urahisi, na hapo ndipo pesa hupotea. Oltaneta hutaka kuzungushwa kasi sana, tena yenyewe hula sehemu kubwa ya nguvu yako kabla haijatoa chochote. Afadhali mota ya sumaku ya kudumu, kama ile ya mashine kuukuu ya kukimbilia ya jimu au ya skuta ya umeme. Gurudumu la nyuma huizungusha kwa mkanda. Kati yake na betri ya volti 12 weka dayodi, la sivyo ukipumzika betri itaizungusha mota na gurudumu litaanza kuzunguka lenyewe. Kidhibiti cha chaji nacho si cha kuachwa. Ukikanyaga kwa wastani nusu saa, simu kubwa inajaa. Ukiongeza nusu nyingine, balbu ya LED ya wati 5 inawaka kama saa tano.

Sola inaushinda mtambo huu kwa urahisi: paneli ya wati 100 kwenye siku yenye jua zuri huleta stima ya zaidi ya saa nane za jasho. Ila jua la Eldoret lina likizo zake, hasa Julai na Agosti mvua ikikaba, na giza likishaingia paneli haina msaada. Kwa maoni yangu baiskeli ni ya kushika zamu pale betri ya sola imekauka, na zamu hiyo wagawane wote wenye simu nyumbani, wakiwemo vijana wanaomaliza chaji kwa video.

Jambo moja halina mjadala. Ukiongeza inverta, usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Stima inaweza kurudi kinyume hadi kwenye laini, na huko nje kuna fundi aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa. Chomeka taa na chaja moja kwa moja kwenye inverta, nayo betri ya asidi iweke penye hewa, mbali na chumba cha kulala.