Mahame ya Engaruka na Marundo Yake ya Mawe

Engaruka iko wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron. Apitaye kwa miguu huona mawe na migunga tu. Kutoka angani ndipo mpango unapojitokeza: mashamba madogo ya miraba yaliyotengwa kwa mistari ya mawe, mifereji inayoyafikia, na marundo ya mawe yaliyotapakaa humo. Mahame hayo yanaenea takriban kilometa za mraba 20.

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 akaandika habari za kuta zilizobomoka. Mwaka 1935 mwanaakiolojia Louis Leakey alihesabu mabaki ya nyumba kwenye mteremko, akakadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Kadirio hilo lilikuwa kubwa mno, na watafiti waliofuata walilipunguza sana.

Marundo ndiyo yaliyozua maswali mengi. Baadhi ni makubwa, kingo zake zimepangwa kwa ustadi, na ni rahisi kuyadhania makaburi. Uchimbaji wa Hamo Sassoon katika miaka ya 1960, kisha kazi ndefu ya John Sutton, ulielekeza kwenye jibu la mkulima: mengi ni mawe yaliyoondolewa shambani ili jembe lipite, yakapangwa vizuri yasile ardhi. Jibu hili halipunguzi heshima ya mahali hapo hata kidogo. Kila rundo ni jasho la watu waliosafisha nchi kavu kwa mikono.

Maji yalitolewa kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Baadaye mwanaakiolojia Daryl Stump alionyesha kuwa sehemu ya mashamba yenyewe ilitengenezwa: wakulima walijenga vizuizi vya mawe, maji yakapungua kasi na kuacha udongo nyuma yake, tabaka juu ya tabaka. Walilima mtama, na ng'ombe walifugwa zizini, samadi ikarudi shambani.

Kilimo hicho kilianza takriban karne ya 15 na kukoma katika karne ya 18. Sutton anataja kupungua kwa maji ya vijito na kuchoka kwa udongo, na hoja hiyo ina nguvu, kwani baadhi ya vijito hivyo leo havina maji ya kudumu.

Kwa msomaji wa Mbulu, habari hii iko karibu na nyumbani. Wairaqw wa Mama Isara, huko huko Mbulu, nao wanasifika kwa matuta, samadi na mifugo ya kulishwa nyumbani, ndiyo maana wao na Wasonjo, wakulima wengine wa mifereji, hutajwa kila asili ya watu wa Engaruka inapojadiliwa. Kufanana kwa kilimo pekee hakuthibitishi undugu.

Ushahidi uliobaki umo katika mpangilio wa mawe yenyewe. Anayefika Engaruka na ayaache mawe pale alipoyakuta.