Mashine ya Mvuke ya Kusafishia Nyumba: Je, Ununue?

   Leo tunaangalia chombo ambacho siku hizi kinauzwa kwenye supamaketi, kwenye maduka ya vyombo vya stima na hata kupitia simu: mashine ya mvuke ya kusafishia nyumba. Muuzaji atakuambia inaua viini vyote, inamaliza kunguni, inamsaidia mtoto mwenye pumu, na hayo yote bila dawa hata tone moja. Kabla hujatoa pesa zako, tuyachambue maneno hayo, maana mengine ni kweli na mengine ni nusu ya kweli.

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Ni kama birika la stima lenye mdomo mwembamba. Unatia maji, yanachemka ndani ya tangi lililofungwa, na mvuke unatoka kwa nguvu kupitia mpira au bomba. Joto hilo ndilo linaloyeyusha mafuta yaliyogandamana kwenye jiko la gesi, na ndilo linaloua viini na wadudu. Lakini mvuke hupoa upesi sana ukishatoka. Karibu na mdomo wa mashine ni wa kuunguza. Ukiusogeza mbali kidogo ni fukuto tu. Kwa hiyo yule anayepitisha mashine mbio mbio juu ya sakafu, kama anayepiga deki akichelewa kanisani, analowesha vumbi tu. Viini vinahitaji joto likae juu yao.

Na je, viini hivyo ndivyo vinavyomuumiza mtoto wako? Mara nyingi mtoto hupata ugonjwa wa kuhara kupitia mikono michafu, maji yasiyotibiwa, chakula kilicholala bila kufunikwa, na kinyesi kisichotupwa chooni. Ni kweli kwamba mtoto anayetambaa huokota uchafu sakafuni na kuutia mdomoni, na sakafu safi inasaidia. Lakini sakafu hiyo husafishwa vizuri kwa maji, sabuni na kitambaa kisafi. Nyumba yenye mashine ya mvuke lakini haina sabuni ya kunawia karibu na choo bado haijamkinga mtoto. Hata korona, iliyoingia nchini Machi 2020, huenea zaidi kwa hewa tunayovuta kuliko kwa sakafu.

Mama mwenye mtoto wa pumu ana sababu nzuri zaidi ya kuuliza. Ndani ya magodoro, mito na mazulia huishi utitiri wa vumbi, vidudu vidogo usivyoviona kwa macho, vinavyokula magamba ya ngozi yetu. Watoto wengi wenye pumu hubanwa kifua kwa sababu ya mavi na mizoga ya vidudu hivyo. Mvuke wa moto unaviua, hilo ni kweli. Ila mizoga na mavi hubaki mle mle. Tena mvuke ni maji: godoro la sponji likinyweshwa mvuke lisikauke vizuri, hasa huko Pwani au wakati wa mvua za masika, huota ukungu, na ukungu nao huamsha pumu. Hapo umemfukuza fisi ukamkaribisha chui.

Kwa mtoto huyo kuna mambo yanayosaidia zaidi kwa pesa kidogo. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 au zaidi. Funika godoro kwa mfuko wa nailoni unaofungika, kisha utandike shuka juu. Ondoa zulia katika chumba anacholala. Usiwashe jiko la makaa wala sigara ndani ya nyumba. Maliza mende. Na kama inabidi uchague kati ya mashine hii na kuhakikisha inhela ya mtoto haiishi, usijiulize mara mbili, nunua inhela.

Sasa tuje kwa kunguni, maana nadhani hapa ndipo mashine hii inapostahili sifa. Kunguni hajathibitishwa kumwambukiza binadamu ugonjwa, lakini mtoto asiyelala usiku huenda shuleni akisinzia, na ngozi anayojikuna huingia vidonda. Tatizo ni kwamba katika sehemu nyingi kunguni amezoea dawa. Unapuliza, unapuliza tena, nyumba inanuka, mtoto anakohoa, na kunguni wanarudi. Joto hawajalizoea. Kunguni pamoja na mayai yake hufa mara moja joto likifika nyuzi 55 au zaidi, na mvuke uliotoka vizuri unapita hapo.

Lakini kuna namna ya kufanya. Tumia mdomo mpana uliofunikwa kitambaa, maana mvuke unaotoka kwa kishindo kupitia tundu dogo unawapeperusha kunguni wakiwa hai mpaka upande wa pili wa chumba. Sogeza mashine polepole, kama upana wa kidole gumba kwa sekunde moja. Pitia mishono ya godoro, viungo vya kitanda, kila chaga juu na chini, nyuma ya kochi, mikunjo ya pazia, na nyufa za ukuta zisizo na nyaya za stima. Kisha acha godoro likauke kabisa juani kabla mtoto hajalilalia. Mvuke hauachi sumu nyuma, na hiyo ni faida na hasara pia: kunguni uliyemkosa leo kesho anatembea. Rudia kila wiki hadi upitishe wiki kadhaa bila kuumwa wala kuona hata mmoja. Na kama unaishi kwenye ploti ambapo vyumba vimepangana ukuta kwa ukuta, zungumza na majirani mfanye siku moja, la sivyo watakuja kukusalimia kutoka upande wa pili.

Kina mama wa chama wanaweza kununua mashine moja na kuizungusha kwa zamu. Ni wazo jema, mradi kila anayemaliza afue vitambaa vyake kwa maji ya moto na aipanguse mashine, mpira na mfuko wake kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Kunguni hupenda sana kusafiri.

Tazama pia nyumba yako. Sakafu ya udongo haisafishwi kwa mvuke, itageuka tope. Ukuta uliopakwa chokaa utabambuka. Mbao zisizopakwa vanishi zitavimba. Lakini kama una vigae, bafu lenye uchafu kwenye viungo, jiko la gesi na madirisha ya kioo, mashine itakupunguzia kusugua, na mwenye mgongo mbovu ataishukuru. Huo ni urahisi, mama, na urahisi si dhambi; ila usiununue ukidhani ni dawa ya hospitali.

Halafu kuna stima. Nyingi ya mashine hizi ni za wati 1000 hadi 2000. Ya wati 1500 ikifanya kazi saa nzima inakula yuniti moja na nusu, kwa hiyo tazama risiti yako ya tokeni upige hesabu. Kwenye ploti zenye mita moja, wenye nyumba wengi hukataza hata pasi, sembuse hii. Uliza kwanza usije ukanunua kitu cha kufichwa chini ya kitanda. Usiiunganishe kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na televisheni, maana waya hupata moto. Zile ndogo za kushika mkononi hubeba kama robo lita ya maji, ambayo huisha kwa dakika saba hivi, kisha ungoje ipoe ndipo uongeze. Kwa godoro moja zinatosha, kwa nyumba nzima ni mateso. Mahali penye maji ya kisima yenye chumvi, tundu huziba upesi. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali. Dukani, omba iwashwe uone mvuke ukitoka mfululizo bila kutema maji. Angalia kama imeandikwa volti 220 hadi 240, kwa sababu mashine za mitumba za kutoka Marekani hutumia 110 na zitaungua ukizichomeka hapa. Uliza risiti na garanti.

Mwisho ni jambo ambalo muuzaji hulipita haraka. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto, na mtoto wa miaka miwili huvutiwa na moshi mweupe unaovuma. Watoto wawe nje, na mtu mzima akiwaangalia, mashine ikifanya kazi. Usifungue kifuniko cha tangi kabla haijapoa. Usitie dawa ya klorini wala sabuni ndani ya tangi, kwa kuwa utavuta hewa yenye sumu. Usielekeze mvuke kwenye soketi, nyuma ya friji au televisheni.

Na mtoto akiungua, mtoe nguo iliyolowa isipokuwa iliyonata kwenye ngozi, vua bangili, kisha mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia, hata kama jirani anasisitiza. Mwili uliobaki ufunike asipigwe na baridi, jeraha ulifunike kwa kitambaa kisafi, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo kama ni mtoto mchanga, kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, limetoa malengelenge, au liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri.