NCHI JIRANI: WALINZI WA MSITU WA KARURA

Kaskazini ya mji wa Nairobi upo msitu wenye eneo la karibu hekta 1,041, ambao umekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Jina lake ni Karura. Mji umekua na kuuzunguka pande zote, na barabara mbili kubwa, ile ya Limuru na ile ya Kiambu, zimeukata mapande matatu. Jirani zake ni mitaa ya Muthaiga, Runda na Gigiri, penye nyumba za mabalozi na makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira. Jirani zake vile vile ni watu wa kijiji cha Huruma, wanaoishi katika vibanda vya mabati vilivyobanana kando ya miti hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1990 msitu huu haukuwa mahali pa matembezi. Majambazi waliufanya maficho, wakataji miti waliingia watakavyo na kutoka na magogo na makaa, na maiti za watu waliouawa zilipata kuokotwa humo. Askari yeyote aliyewahi kufanya doria ya usiku kandokando ya msitu ulio ndani ya mji hahitaji kuelezwa zaidi. Msitu wa namna hiyo una njia mia za kuingilia, hauna hata moja inayojulikana, na anayekimbizwa ndiye anayeufahamu kuliko anayemkimbiza.

Leo wakaaji wa Nairobi huingia Karura kwa makundi. Wapo wanaokimbia, wapo wanaoendesha baiskeli, wapo wazee wanaotembea polepole na wajukuu wao, na wapo wanafunzi wanaoletwa na walimu kujifunza majina ya ndege na miti. Humo humo wapo wanaokwenda kufanya kazi bila ya kulipwa hata senti moja. Hao hung'oa vichaka vya kigeni, hupanda miche, huokota takataka na kuwaonyesha wageni njia. Jinsi msitu ulivyotoka katika hali ile ya kwanza na kufikia hii ya pili ni habari inayowahusu watu wa ulinzi na usalama wa nchi yoyote, maana kiini chake ni swali la nani hasa anayelinda mali ya umma.

Hapana budi kuanza na mwaka 1998. Mwaka huo ilibainika kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi na makampuni, na kwamba mitambo ya ujenzi ilikwisha kuingia ndani na kuanza kuangusha miti. Bibi Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha Chama cha Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa ajili ya kuwapandisha miti akina mama wa vijijini, aliongoza wananchi kwenda kupanda miche mahali palipofyekwa. Miche iking'olewa, walirudi wakapanda mingine. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika moja ya maandamano hayo, mitambo ya wajenzi ilichomwa moto.

Tarehe 8 Januari 1999 Bibi Maathai alikwenda tena, akifuatana na wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na wafuasi wake. Walikuta lango limefungwa na nyuma yake wamepangwa walinzi wa kukodiwa wenye marungu, mijeledi na mapanga. Alipojaribu kupanda mche mmoja nje ya lango, walinzi hao waliwashambulia. Bibi Maathai alipigwa kichwani, damu ikamtiririka, na wenzake kadhaa wakaumizwa. Mtu kupasuliwa kichwa kwa ajili ya mche wa mti! Alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi cha Muthaiga kutoa taarifa. Alipotakiwa kutia sahihi, alichovya kidole katika damu yake mwenyewe akaweka alama ya mkasi juu ya karatasi ya serikali. Kwa maelezo yake, polisi waliombwa warudi naye msituni kuwakamata waliompiga, lakini hawakwenda.

Tukio hilo la kituoni halisimuliwi mara nyingi kama yale ya langoni, ingawa kwa askari ndilo lenye uzito zaidi. Walinzi wale walikuwa watu wa kukodiwa tu, wasiofungwa na kiapo chochote. Askari wa kituo walikuwa wamekula kiapo, na msitu uliokuwa unaibwa ulikuwa mali ya wananchi waliokuwa wanawalipa mishahara. Baadaye katika mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaani kupinga ugawaji wa msitu, na polisi wa kutuliza ghasia wakapambana nao. Hivyo nguvu ya dola ikawa inapimana na watu waliokuwa wakitetea ardhi ya dola. Mnamo tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na ujenzi wa Karura ukakoma.

Yaliyofuata yanajulikana kote duniani. Serikali mpya ilipoingia baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, Bibi Maathai, aliyekuwa amechaguliwa mbunge wa Tetu, aliteuliwa kuwa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki dunia mwezi Septemba 2011.

Hata hivyo, kuwazuia wajenzi hakukuutibu msitu. Majambazi walikuwa bado wamo na shoka lilikuwa bado linalia. Hatua iliyoleta mabadiliko haikuvutia macho sana, maana ilikuwa sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliunda Shirika la Misitu la Kenya, na pamoja na hilo ikawapa wananchi wanaoishi karibu na msitu haki ya kuunda chama na kushirikiana na serikali kuutunza. Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilizaliwa chini ya sheria hiyo. Tangu mwaka 2009 wakaaji wa mitaa ya jirani walianza kuchangishana fedha, na kazi yao ya kwanza kubwa ikawa kujenga uzio wa umeme kuuzunguka msitu. Serikali haikuuacha msitu mikononi mwao, maana askari wa misitu waliendelea kuwa humo. Kando yao waliwekwa skauti wa kijamii, vijana wa kike na wa kiume kutoka vijiji vya jirani pamoja na Huruma, ambao walilipwa kwa fedha zilizotokana na viingilio na michango.

Inafaa kutazama kwa makini jinsi ulinzi huo unavyofanya kazi. Uzio peke yake si ulinzi. Kila mwanajeshi anajua kwamba kizuizi kisichotazamwa na mtu ni kizuizi kinachosubiri kukatwa. Kazi ya uzio wa Karura ni kuzigeuza zile njia mia kuwa malango machache yenye saa za kufunguliwa na kufungwa. Ndani ya malango hayo zimetengenezwa njia za miguu na za baiskeli zenye urefu wa makumi ya kilometa, na kila njia panda imewekewa kibao chenye namba. Jambo hilo ni dogo, bali manufaa yake ni makubwa. Mtu aliyeteguka mguu, au aliyeona moshi, au aliyesikia shoka, hana haja ya kueleza kwamba yuko karibu na mti mkubwa upande wa mto. Anataja namba ya njia panda, na skauti anajua pa kwenda.

Juu ya hayo kuna macho. Mkimbiaji wa alfajiri, mtazama ndege mwenye darubini, mama anayeokota kuni kavu kwa ruhusa, mwanafunzi na mwalimu wake, wote hao huona na kusema. Mhalifu hapendi mahali penye watu wengi wasio na haraka. Si sahihi kudai kwamba watembezi wamechukua kazi ya askari, maana asiyekuwepo askari hapana atakayepelekewa habari. Ila ni kweli kwamba askari wachache wanautosha msitu mkubwa pale tu raia wanapouhesabu kuwa wao. Kijana wa Huruma aliyevaa sare ya skauti anawajua kwa sura na kwa majina watu ambao zamani wangeingia na msumeno usiku, na pengine nyumba yao na yake zimepakana.

Kuhusu kazi ya kujitolea yenyewe, wapo wanaodhani kwamba msitu ni kitu kinachojitunza, na kwamba kinachotakiwa ni kuuacha tu. Huenda ikawa hivyo kwa msitu mkubwa wa milimani, lakini msitu uliozingirwa na mji ni kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imepandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni kwa ajili ya kuni na mbao. Chini ya mkaratusi vitu vichache huota. Aidha, mahali palipokatwa miti ya asili huvamiwa haraka na lantana, kichaka chenye maua ya kupendeza na tabia mbaya, ambacho hufunika ardhi na kuinyima mbegu za miti mingine mwanga. Kwa hiyo wanaojitolea hung'oa vichaka hivyo kwa mikono na majembe, na mahali pake hupanda miti ya nchi: mukinduri, kama Wakikuyu wanavyouita, mzeituni wa mwitu, na mingineyo inayooteshwa katika vitalu. Kupanda ni kazi ya saa moja. Kurudi mwezi baada ya mwezi kupalilia mpaka mche uwe umeshinda magugu ndiko kunakowatofautisha wanaojitolea kweli na wale waliokuja kupigwa picha.

Matunda yameonekana. Wanyama waliokuwa wakijificha, kama pongo, paa, nungu na fungo, wamo. Mbega walikuwa wametoweka Karura, na kwa kuwa mbega huishi juu ya miti na hula majani, hawezi kuvuka mji kwa miguu arudi mwenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 wataalamu waliwakamata mbega wa Kipipiri, ambako walikuwa wakigombana na wakulima, wakawaleta Karura. Sasa mtu aliyeketi na watoto wake karibu na maporomoko ya maji anaweza kuinua macho akamwona mnyama mweusi mwenye joho jeupe akiruka juu ya kichwa chake, dakika chache tu kutoka katika msongamano wa magari.

Haifai, lakini, kuisifu habari hii bila kugusa upande wake wenye kasoro. Karura imezungukwa na matajiri, na fedha za kwanza zilitoka mifukoni mwao na kwa wageni kutoka balozi. Kiingilio cha mwananchi mzima kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 100 za Kenya. Kwa mkaaji wa Runda hiyo ni bei ya kikombe cha chai. Kwa kibarua wa Mathare mwenye watoto wanne ni sehemu ya chakula cha jioni. Wanaosimamia msitu wanajibu kwamba pasipo kiingilio hapana mshahara wa skauti wala ukarabati wa uzio, na jibu hilo lina nguvu. Lakini nguvu hiyo haiondoi ukweli kwamba damu iliyomwagika mwaka 1999 ilimwagika kwa ajili ya msitu wa watu wote.

Karura haiko peke yake. Katika Nairobi hiyo hiyo kuna Bustani ya Miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni itakayotoa kuni za magarimoshi, nayo ina marafiki wake wanaoitunza. Upo pia City Park, penye miti ya asili na kima wasiowaogopa watu, ambako Marafiki wake wamepigana kwa miaka mingi na wanyakuzi wa viwanja. Humo amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi mwezi Februari 1965, na si mbali naye amelala rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, ambaye alitaka azikwe karibu na mwenzake.

Mwaka 2025 Karura iliingia katika mtihani mpya. Shirika la Misitu liliagiza kwamba fedha zote za viingilio zilipwe moja kwa moja katika mfumo mkuu wa malipo wa serikali. Chama cha Marafiki kilipinga, kikisema kwamba mapatano ya pande mbili yalikuwa yamevunjwa, na kwamba fedha zikipita njia ndefu skauti hawatalipwa na uzio utaanguka. Serikali kwa upande wake ina hoja isiyoweza kupuuzwa, kwamba mapato ya mali ya umma yapite katika mfuko wa umma ambako yatakaguliwa. Safari hii hapakuwa na marungu wala damu langoni. Shauri lilipelekwa mahakamani, mawakili wakabishana juu ya vifungu vya sheria ya misitu.