Usitupe Vipande vya Nguo: Shona Kitambaa cha Meza cha Viraka

Akina mama wengi katika skimu hununua sokoni kitambaa cha kupambia meza, na huku kwa fundi cherehani vipande vya nguo hufagiwa kila jioni na kutiwa motoni. Vipande hivyo vyatosha kushona kitambaa kizuri cha katikati ya meza, ambacho jirani hana kingine kama hicho. Ukiwa na vipande, marekani kidogo na blanketi kuukuu, gharama ni uzi tu, na fedha za maziwa hubaki kwa karo na mbegu.

Lakini kazi hii huharibika mara nyingi kwa mambo mawili: vitambaa visivyofaa, na mishono isiyo sawa. Yafaa kuyajua kabla ya kushika mkasi.

Kuchagua vitambaa

Tumia pamba tupu. Nguo nyingi, hata baadhi ya kanga na sare za shule, zimechanganywa na nyuzi za viwandani, nazo huharibiwa na pasi ya moto. Pima hivi: chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio juu ya bakuli la maji, kisha uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni au poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu kama ushanga. Weka kando kitambaa cha namna hiyo. Lipime blanketi pia.

Kisha fua kila kipande peke yake kwa maji ya moto kiasi na sabuni. Kikiwa bado kibichi, kikandamize juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifue tena. Kikiendelea kuacha, usikitumie. Jihadhari hasa na rangi nyekundu. Kufua kwanza kuna faida nyingine: pamba mpya hurudi inapofuliwa, na ikiwa imeungana na nguo ya zamani iliyokwisha kurudi, kitambaa chote hujikunja.

Kukata na kuunga

Mfano wetu una viraka 27, yaani safu 3 zenye viraka 9 kila moja. Chagua viraka 14 vya rangi nzito na 13 vya rangi nyepesi, vipishane kama ubao wa drafti. Kata kipimo cha karatasi ngumu, inchi 4 na nusu kila upande, na ukitumie kwa viraka vyote. Fuata uzi wa kitambaa, usikate mshazari, kwa maana kitambaa cha mshazari huvutika.

Piga mstari wa penseli robo inchi kutoka ukingoni, na ushone juu ya mstari huo. Usikisie kwa macho. Ukizidisha sehemu moja tu ya nane ya inchi, kila mshono utakula robo inchi zaidi, kwa kuwa unashika viraka viwili. Safu ina mishono 8, basi itapungua inchi 2 na haitalingana na mwenzake. Ni kama kupanda mahindi bila kamba: kosa huonekana mwisho wa shamba.

Piga pasi kila mshono uelekee kwenye rangi nzito, ili usionekane chini ya rangi nyepesi. Halafu unga safu zote tatu.

Tabaka tatu

Kata marekani na blanketi kuukuu lililofuliwa, kila kimoja inchi 15 kwa 39. Tandika marekani chini, blanketi katikati na viraka juu. Piga bandi kwa mishono mirefu, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili kusiwe na mikunjo. Sasa shona kwa mkono mishono midogo, robo inchi kando ya kila mshono wa viraka. Sindano ipite tabaka zote tatu. Ukimaliza, toa bandi na ukate ziada.

Malizia kwa kuzungushia ukanda wa pamba wenye upana wa inchi 1 na nusu. Anza na pande ndefu, kisha pande fupi, ukikunja ncha ndani. Ukanda huu huzuia kingo zisifumuke.

Matumizi na kuuza

Sahani na birika la chai vyaweza kuwekwa juu yake. Sufuria itokayo motoni iwekewe kibao. Fua kwa maji baridi na uanike kivulini.

Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952 vilifundisha ushonaji, na kikundi chenu chaweza kuuza kazi kama hii. Mshonaji mmoja achague rangi, mwingine akate, mwingine apime kila mshono. Msiuze kitambaa ambacho hakijajaribiwa kwa maji. Mnunuzi ambaye kitambaa chake kimeacha rangi katika kufua mara ya kwanza hatarudi, na atawaambia wenzake.

Na kile cha nyumbani kwako, tia kiraka kimoja cha kanga ya mama au cha nguo ya kwanza ya mtoto. Hicho hakiuzwi sokoni.